Mkufu wa Chumba Kizima

Gba! Gba! Gba!

Ngumi juu ya bati. Zikafuata pumzi nzito za mtu aliyechoka na njia, kisha tena gba! gba!, mpaka bawaba za mlango zikaanza kulia.

“Fungula! Najua muko ndani! Panya akinyamaza, harufu yake inamusema!”

Mariette alimjua kabla hajamwona. Ni mtu mmoja tu aliyegonga mlango kana kwamba mlango umemtukana: Tantine Anne-Marie, dada ya baba yao, kutoka Kalunguta. Mariette akaondoa komeo. Shangazi akaingia upande upande, amejaa vumbi la barabara kichwa hadi miguu. Nyuma yake, uani, dereva wa pikipiki alibaki juu ya tandiko, injini inanguruma. Hakuambiwa azime. Hiyo peke yake ilitosha kumwambia Mariette kwamba safari haijaisha.

Kanyere, mdogo wake, alikuwa kitandani, magoti yamegusa kidevu. Wasichana hawa wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja Butembo: Mariette mwanafunzi wa chuo, Kanyere darasa la mwisho la sekondari. Juzi tu mkuu wa shule ya Kanyere alimpigia baba yao simu. Alimwambia mimba ina umri gani na nani ameitia. Alipoulizwa kama binti anakula, kama analala, alisema hilo halimhusu.

“Vaa hii.” Tantine akamtupia Kanyere kitenge kipya, bado kinanuka duka. “Tunaenda Beni, Bungulu, kwa kina Jordy. Baba yako anasema mupite Kalunguta bila kusimama. Hataki kukuona.”

Mariette aliijua desturi hiyo. Kwao msichana akipata mimba haulizwi, anapelekwa. Mashangazi humvika kitenge, humketisha sebuleni kwa kina mvulana kama gunia lililofika kwa mwenye mali, kisha huondoka haraka kabla hajarudishwa.

“Jordy haiko Bungulu,” Kanyere alisema kwa sauti ndogo. “Siku nilimuambia, mama yake alimutuma Kinshasa.”

“Nani alikuambia ninakupeleka kwa Jordy? Muke anapelekwa kwa mama-mukwe. Mama Ngalula iko, na masufuria yake iko. Inatosha.”

“Na Examen d'État?” Mariette aliuliza. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya mtihani huo wa kumaliza sekondari, na Kanyere alikuwa ameshaandikishwa. “Anaacha diplome juu ya nini?”

“Diplome yake ni ile iko ndani ya tumbo.”

Damu ilimpanda Mariette mpaka masikioni. Lakini Tantine alikuwa ameshageuka, anazungusha macho chumbani, akitafuta begi. Macho yake yakasimama kwenye msumari juu ya kitanda. Palining'inia rozari ya mbao, na kando yake mkufu wa shanga za plastiki, nyeupe na za kahawia, moja nyekundu, na kipete kidogo cha mpira. Akafanya ishara ya msalaba.

“Na kuomba munaomba! Rozari mbili ndani ya chumba moja, na shetani akapita tu katikati!” Akaushika ule mkufu, akaubusu. “Hii ni muzuri. Munaombaka nini na hii?”

Kanyere akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama kitu kinachochanika.

“Tuliomba nisipate mimba, Tantine.”

“Nini?”

“Haiko rozari. Ni collier ya kuhesabu siku. Nyeupe ni siku za hatari, za kahawia ni za amani. Kila asubuhi kale kapete kanasogea.” Alishuka kitandani. “Na mi nilifata! Mungu ananiona, nilifata! Kapete kakiwa kwa nyeupe, Jordy aligonga, alilia, sikumufungulia. Nilimufungulia kwa kahawia tu!”

Mariette aliutazama ule mkufu mkononi mwa shangazi.

“Kanyere. Nani alikuwa anasogeza kapete?”

“Ni weye. Kila asubuhi. Mi nilikuwa naangalia tu.”

“Nilikuwa nasogeza juu ya damu yangu miye. Kanaanza kwa ile nyekundu, siku yangu ya damu. Yangu. Haiko yako!”

Kanyere alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali.

“Tunakula ndani ya sufuria moja,” alisema. “Jioni rozari ni weye unashika, mi naitika, na baraka inafika kwetu wote. Nani aliniambia hii haiko vile?”

Hakuna. Hakuna aliyemwambia, na hapo ndipo hasira ya Mariette ilipopata njia.

Aliuona tena ukumbi wa chuo, siku ile muuguzi alipokuja na boksi la mikufu. Wavulana walipiga miluzi. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anainua mkufu mmoja hewani, na padri mlezi wa wanafunzi akasimama mstari wa mbele, akatabasamu, akasema inatosha, mengine watayasikia kwenye mafundisho ya ndoa. Ukumbi ukapiga makofi. Wakagawiwa mikufu, wakanyimwa maneno. Mariette alimfuata muuguzi mpaka kwenye gari, akamnong'oneza swali la namna ya kuhesabu siku, akapata jibu. Akarudi nalo nyumbani, akamsimulia Kanyere juu ya padri na muuguzi, akamtajia maana ya rangi, ila jibu lenyewe akalifungia kinywani kama pipi.

“Donc kumbe weye pia!” Tantine aliutupa mkufu kitandani, akapangusa midomo kwa mkono. “Weye pia uko na mwanaume!”

“Niko naye.”

“Bamalaya wawili! Kaka yangu analima mugongo unavunjika, kumbe anafuga bamalaya!”

“Na weye, Tantine, balikufundisha nini?”

“Mama alinifunga kamba kwa kiuno, na mafundo ya kuzuia mimba. Sikuuliza. Sisi tulikuwa na heshima.”

“Na ile kamba ilifanya kazi?”

Nje injini ilikuwa imezimwa, hakuna aliyejua tangu lini. Sauti ya dereva ikapenya ukuta wa mbao: “Mama, batoto bako banajazaka mabenchi mbili kwa misa!”

“We, kazi yako ni kushika gidoni ya pikipiki!”

Lakini Tantine alikaa kwenye kiti. Kwa muda ule Mariette alidhani shangazi atakuwa upande wao.

“Watoto wawili nilizika,” Tantine alisema. “Na mimi mwenyewe mara moja walikaribia kunizika. Niliteseka, nikanyamaza. Na nyinyi mutanyamaza. Kanyere, vaa.”

Mariette akasimama mlangoni, mgongo kwenye bati, mikono imekamata miimo pande zote mbili. Alikuwa tayari kung'atwa, kuvutwa nywele, lolote. Haikuhitajika. Kanyere alikunja kile kitenge polepole, pembe juu ya pembe, akakiweka magotini pa shangazi yake.

“Siendi.”

“Kaka yangu hatatuma tena maharagi. Hata jani la sombe.”

“Asitume.”

“Ukizaa, usiite mutoto jina yangu.”

“Sitaita.”

Tantine aliinuka. Mariette akampisha. Pikipiki ikawaka, ikapanda kilima, mngurumo ukapotea. Mariette akageuka akitabasamu, mikono wazi, na Kanyere akarudi nyuma hatua moja.

“Usinishike. Unafikiri niko nakushukuru? Uliuliza, balikujibu, na ukaninyima. Uko sawasawa na ule padri.”

“Niliona uko bado mutoto.”

“Muzuri. Sasa mutoto atazaa mutoto.” Machozi yalimtoka lakini sauti yake haikutikisika. “Niambie kitu moja basi, weye wa chuo. Mutoto anatokaka namna gani? Kweli kabisa. Banakupasuaka? Na mi nitajua aje kama saa imefika?”

Mariette alifungua kinywa. Akatafuta ndani ya miaka yote ya madawati, ya katekisimu, ya sayansi, ya makofi. Hakukuwa na kitu. Alitamani kupiga ukuta, kuwapiga wote. Akameza hasira, akamtazama mdogo wake machoni.

“Sijui,” alisema. “Lakini kesho tunaenda maternite, kule bamama banazaliaka, weye na miye. Nitauliza mbele ya mustari yote ya bamama, kwa sauti, hata bageuke, hata bacheke. Na kila neno lenye litaingia ndani ya masikio yangu, utalisikia siku ile ile. Sitakuficha tena. Nakuahidi, Kanyere. Mbele ya Mungu, nakuahidi.”