Folda ya Wanawake wa Ukoo

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya pili ya Desemba, Mzee Damian alifungua kompyuta yake sebuleni, nyumbani kwake Bakoba, akaitazama folda ya pamoja, akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba.

"Mama Avit, hakuna kitu."

"Nimetuma!" akajibu mkewe Serafina. Kompyuta yake ilikuwa stoo, kati ya mkungu wa ndizi na gunia la mkaa.

"Basi mafaili hayajafika."

Walikuwa wameambiana hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili, bila kununiana. Kompyuta hizo mbili aliziunganisha mtoto wao Avit wakati wa Pasaka, ili wazazi wapelekeane mafaili bila kupishana koridoni. Damian, mkaguzi wa shule mstaafu, alikuwa katibu wa kitabu cha ukoo, ambacho kingegawiwa kijijini kwao Izimbya tarehe ishirini na saba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Kitabu kilikuwa na vizazi tisa na wanaume mia mbili na saba. Mwanamke hakuwemo hata mmoja.

Serafina alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na kama kuna jambo alilijua ni kwamba watu hawaoti kama uyoga. Alimwambia mumewe kuwa jambo hilo linamuuma. Damian akasema kwa moyo mweupe, "Waandike, uwaweke kwenye folda, mimi nitawaingiza kitabuni." Serafina akaanza na marehemu, wanawake sitini na mmoja walioolewa katika ukoo huo, kila mmoja na faili lake: jina, kwao, aliowazaa, na walivyozaliwa. Wenye uhai wangefuata.

Jumatano akaitwa Josia, fundi wa rika la Damian, aliyeanza na redio za betri akahamia kwenye kompyuta bila kubadilisha bisibisi. Alizima kila kitu, akawasha. Akahakikisha kompyuta zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja. Akabadilisha waya. Stoo aliona mafaili yote sitini na moja yameondoka. Sebuleni aliona hakuna lililofika. Mwishowe akauchomoa waya kwenye kisanduku cha intaneti, akatega sikio kwenye tundu.

"Wamo njiani," akasema. "Wanasukumana."

"Wamekwama wapi?" akauliza Serafina.

"Mlangoni kwa Mzee. Kompyuta yake inawadai paswedi."

Akaurudisha waya. Damian akaandika paswedi yake, mkono mmoja ukiufunika mwingine, na Josia akabonyeza palipoandikwa ruhusu. Bibi Kokubanza, nyanya yake Damian aliyefariki mwaka 1971, akatoka kwenye kompyuta, viatu mkononi.

Josia akaeleza kuwa karatasi hunakiliwa, lakini mtu hanakiliki, inambidi aje mwenyewe.

"Shumalamu, waitu," Damian akamwamkia bibi yake, akimwachia kiti.

"Marahaba. Tumesimama wiki mbili. Hiki kitu chako kinauliza neno, na sisi hatukupelekwa shule."

Hadi saa sita mchana walikuwa wametoka wote. Jirani yao Rahima alileta mabenchi na sufuria mbili kubwa, akauliza tu kama wanakula pilipili. Serafina akapika ebitoke, ndizi za kupika, wageni wakamenya, na nyumba ikajaa vicheko. Walisifu vigae vya sakafuni. Walibishana nani alikuwa na uji mzito kuliko wenzake. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa senene, Bibi Kokubanza, ambaye maisha yake yote aliwanyonyoa mbawa na kuwakaanga bila kuruhusiwa kuwaonja kwa kuwa ni mwanamke, alikula bakuli zima mbele ya mjukuu wake. Akasema ni watamu, ila si watamu kiasi cha kuwekewa ulinzi namna ile. Serafina alifurahi mpaka akaunguza sufuria.

"Sasa wamefika," akamwambia mumewe jioni. "Waingize kitabuni."

Damian akasema lazima kwanza azungumze na mwenyekiti wa ukoo.

Mwenyekiti, Mzee Rugaibula, alifika Alhamisi kwa pikipiki kutoka Izimbya. Aliwasalimia wote sitini na mmoja kwa mkono, kazi iliyochukua saa nzima. Wa thelathini na nne alikuwa mama yake mzazi, aliyemwambia kwamba amekosea vifungo vya koti. Akavifungua, akavifunga upya. Kisha akaketi, akatafuna akamwani, kahawa ya wageni, akasema kitabu kina safu tatu tu: jina, baba na nyumba.

"Hakuna pa kuwaweka," akasema. "Halafu mwanamke huandikwa kwao."

"Kwetu walisema tutaandikwa tulikoolewa," akasema Bibi Kokubanza.

Rugaibula akakiri kwamba hiyo ni hoja nzito. Akamwagiza Damian aiweke kwenye kumbukumbu za kikao, akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Serafina hakukubali. Kesho yake alimwita Josia tena na kumwambia atawaingiza mwenyewe, kutoka kwenye kompyuta yake. Kitabu kilifunguka vizuri stoo. Aliweza kukisoma chote, ila kila alipogusa herufi ilikataa. Josia akaenda sebuleni, akachungulia mipangilio ya kompyuta ya Damian, akavua miwani.

"Mama, mtandao ni mzima," akasema. "Wewe umepewa kusoma tu. Hii si hitilafu, imewekwa hivyo."

"Na nani?"

Josia akaanza kukusanya bisibisi zake. Damian akasema Rugaibula ndiye aliyeagiza, tangu mwezi wa tano, na yeye ndiye aliyebonyeza.

"Naona haya, Mama Avit," akasema. Aliona haya kweli, mpaka masikio. Lakini hakubadilisha kitu, na kitabu kikapelekwa kuchapwa Jumatatu.

Tarehe ishirini na saba wanawake wote sitini na mmoja walikwenda Izimbya. Walipika, wakala, wakacheza ngoma, na hakuna aliyeondoka na njaa. Vitabu vikagawiwa, kimoja kwa kila mwenye nyumba. Serafina akachukua cha mumewe, akakaa kwenye mkeka migombani, na wenzake wakamzunguka wakitaka awasomee, maana wao hawakujua kusoma.

"Joackim, mwana wa Rwegasira," akaanza.

"Wangu huyo," akasema Bibi Kokubanza. "Alitanguliza miguu."

"Rugaibula, mwana wa Mutalemwa."

"Wangu," akasema mama yake mwenyekiti. "Alilia siku tatu, hata sasa hajanyamaza."

Wakacheka hadi khanga zikawadondoka. Ikawa hivyo jina baada ya jina, na kila jina lilipata mwenyewe. Kwa waliozaliwa karibuni, mama zao waliitikia kutoka kule walikokuwa wakiosha vyombo. Damian alisimama pembeni na soda yake, akisikiliza, akicheka walipocheka.

"Avit, mwana wa Damian," Serafina akasoma.

Wanawake wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aitikie, kisha wote wakamgeukia msomaji.

"Wangu huyo," akasema Serafina, akafunua ukurasa.