Kichwa Kilichopigwa Bandi

Mimi ni fundi cherehani, na asubuhi ile nilikipima kichwa changu kwa futi kamba. Msinicheke. Sikio hadi sikio, inchi kumi na tatu na nusu, nikaweka alama ya chaki katikati ili njia ya nywele isije ikaenda upogo. Mtu hufanya kazi kwa vifaa anavyovijua.

Ilikuwa siku ya harusi ya mama. Ndiyo, mama yetu mzazi, na miaka yake sitini na miwili, anaolewa tena, na mwalimu mstaafu anayemwita “binti” mbele za watu! Raha iliyoje. Ila alikuwa ametuwekea sharti moja, mimi na mdogo wangu: “Mtaingia ukumbini mmeshikana mikono na mnaongea. La sivyo sitoki humu ndani, mkamweleze bwana harusi wenyewe.” Na mama yangu hatanii.

Tulikuwa tumenuniana wiki tatu. Mdogo wangu ni msusi. Siku mama alipojaribu gauni nililomshonea, yeye akalitazama weee, kisha akasema mikono mirefu. Mbele ya wateja wangu! Nikamwuliza, “Tangu lini msusi akajua nguo?” Akapandisha mabega. “Sawa. Kichwa chako kisuke mwenyewe.” “Na wewe gauni lako lishone mwenyewe!” Basi, kila mtu akashika njia yake. Miaka ishirini hakuna mkono mwingine ila wake uliozigusa nywele zangu, na yeye hajavaa gauni lisilotoka kwenye cherehani yangu.

Kwa hiyo nikajifungia chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama, nizibane nywele juu kama bibi mkubwa. Unazikusanya utosini, unazizungusha, unaficha ncha, unabana. Nimemwona mdogo wangu akinifanyia hivyo mara ngapi, tena huku anaongea! Lakini nilikuwa namwona kwa mbele. Ya kisogoni sikuwahi kuyaona. Na kioo nacho kinadanganya, napeleka mkono huku, chenyewe kinanipeleka kule. Kifundo kikawa kinasimama, kinafikiri kidogo, kisha kinalala sikioni. Vibanio vikaisha. Nikatia pini za nguo, zikanichoma. Mwishowe nikachukua sindano na uzi mweusi, nikakipiga bandi, mishono mirefu mirefu kuzunguka kifundo chote, kama ninavyolishikiza pindo kabla ya kulishona. Kikatulia! Nikajisifu kwa sauti. Kisha nikageuza shingo kutafuta hereni, uzi ukavuta, na upande mzima ukashuka ukaning'inia.

Saa nne kasorobo, na gari linakuja saa nne. Nikakaa kitandani, machozi yakanilenga. Si ya nywele. Nilimkumbuka yule mdogo wangu mwehu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye.

Kichwa chake, jamani, kimekaa kimalkia. Lakini chini! Alikuwa amenunua gauni la dukani, refu, akajipunguzia pindo kwa uzi wa kusukia rasta. Tena kila baada ya mshono amefunga fundo, akaichoma ncha kwa kiberiti, vile anavyomaliza rasta za wateja wake. Pindo limekakamaa, limejaa vifundo vyeusi, mbele limepanda, nyuma linafagia.

Tukatazamana, yeye kichwa changu, mimi miguu yake. Midomo yake ikaanza kucheza. Nikajiuma ulimi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mama akatokea mlangoni ndani ya gauni lake, akatukagua. “Naona mmejitegemea,” akasema. “Haya, mnaongea au nivue?” Akainua mkono kushika kifungo cha kwanza.

Mdogo wangu hakukiangalia kifungo. Aliangalia mkono wa gauni, ulioishia palepale bangili ilipoanzia.

“Umeipunguza,” akasema taratibu.

Nikakiri. “Ilikuwa mirefu. Inchi mbili. Niliipunguza jioni ileile, ulipoondoka tu.”

“Wiki tatu, dada!”

“Najua. Nisamehe. Nilikuwa naona aibu.”

“Na mimi nilikuwa na haja gani ya kusema mbele ya watu?” Akanikumbatia, akanichafua poda bega zima. Kisha akanivuta kichwa. “Ebo! Nani kakuchora chaki?”

Hapo tukaangua kicheko mpaka tukashikilia ukuta. Yeye akakaa kitandani, mimi sakafuni katikati ya magoti yake, pindo lake mapajani mwangu. Yeye anafumua kichwa, mimi nafumua pindo, wote tunaongea kwa pamoja, hakuna anayesikiliza. Furaha niliyoisikia pale sina pa kuiweka.

Nje gari likapiga honi. Likapiga tena, refu.

Mama akafungua dirisha. “Ngojeni huko!” akafoka, huku anafuta machozi kwa kiganja. “Wanangu wanaongea!”