Kipimo cha Nusu kwa Nusu

Daktari wa meno alimkalisha Kitinda kwenye kiti kirefu, akammulika mdomoni, akayagonga yale meno mawili mapya ya mbele, yenye madoa ya kahawia, kwa kichuma chake, kisha akauliza swali ambalo Mama Vipimo hakulitegemea. Hakuuliza habari za pipi wala za mswaki. Aliuliza mtoto huyu, tangu alipoanza kunywa maji, alikunywa maji gani.

Mama Vipimo alikuwa na jibu, tena la kujivunia. Mwanawe, huyu kitindamimba wake, hakuwahi kuonjeshwa maji ya kubahatisha. Alikunywa maji ya chupa, yale ya kisima cha kiwanda anachofanyia kazi yeye mama mtu, maji anayoyapima kwa mikono yake kila asubuhi. Jina la Mama Vipimo lilitoka huko huko kiwandani. Kwa miaka tisa hakuna katoni iliyopita getini bila saini yake.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba madoa yale ya kahawia si uchafu na si kuoza, ni kazi ya madini ya floraidi. Yakiwa kidogo kwenye maji yanakaza meno. Yakizidi yanayaharibu mapema, mtoto akiwa bado mchanga na meno yake ya ukubwani yanajiumba ndani ya ufizi, kwa hiyo jino linakuja kuchomoza miaka kadhaa baadaye likiwa na doa lake tayari. Akamshauri aulizie vizuri habari za hayo maji.

"Maji yangu?" alisema Mama Vipimo. Akamteremsha mtoto kitini, akatoka bila kuaga vizuri.

Njia nzima alikuwa anafoka peke yake. Daktari gani huyu, anayeona jino na kusingizia kisima? Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kinamchoma. Tangu meno yale yachomoze, miezi minne sasa, alikuwa anamsimamia Kitinda bafuni asubuhi, mchana na jioni, sugua hapa, sugua tena, mpaka ufizi ukatoka damu. Alimwita mvivu. Alimwita mwongo, anayelowesha mswaki na kudai amepiga. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameacha kucheka, na akiongea na watu aliziba mdomo kwa kiganja. Sasa mtu mwenye koti jeupe anasema mswaki haukuhusika hata chembe.

Kesho yake alifika kiwandani kabla ya mfagizi. Chumba cha vipimo kilikuwa chembamba, na dirisha lake la kioo lilitazama mashine zinazojaza chupa. Ndani mlikuwa na sinki, dumu la maji yaliyokenekwa, yasiyobaki na madini yoyote, chupa ya dawa nyekundu, mashine ndogo ya kusoma rangi, na daftari gumu la matokeo. Kazi yenyewe haina miujiza. Unaitia ile dawa nyekundu kwenye maji, floraidi inaula wekundu wake, na mashine inakuambia kwa namba rangi imepauka kiasi gani. Tatizo ni kwamba mashine ile haioni zaidi ya miligramu mbili kwa lita. Ndiyo maana mpimaji wa kabla yake, Mzee Matone, aliyepewa jina hilo kwa kuhesabu matone kwa sauti, alimwachia desturi ya nusu kwa nusu: nusu maji ya kisima, nusu maji yaliyokenekwa, koroga, tia dawa, subiri, soma.

Akapima. Moja nukta nne. Akarudia, akapata moja nukta nne. Akaosha vyombo upya, akapima mara ya tatu, namba ikawa ile ile. Kikomo ni moja na nusu, enzi za Mzee Matone kilikuwa nne, na lebo ya chupa ilisema moja nukta nne vile vile. Kidogo apige simu kwa daktari kumwambia ashughulike na kung'oa meno, maji awaachie wenyewe.

Hakupiga, kwa sababu hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi. Aliosha vioo vilivyokuwa safi. Alifungua daftari, akalifunga. Mdogo wake alikuwa na mtoto wa miezi minane, na kila Ijumaa Mama Vipimo alimpelekea katoni ya maji, ile haki ya mfanyakazi, ya kukorogea maziwa ya kopo. Dada mtu hodari, kila mtu alimsifu. Kama daktari hakukosea, basi meno ya yule mtoto yalikuwa yanaharibika wiki hii hii, kwa mkono wa mama mkubwa wake. Na katoni ngapi nyingine zilikuwa zimekwenda kwa watoto asiowajua?

Akampigia Mzee Matone, ambaye alistaafu zamani na sasa alifuga kuku. Akamsomea hatua zote kama mwanafunzi anayesikilizwa somo. Mzee aliitikia kila hatua, ehe, ehe. Alipofika kwenye kusoma namba na kuiandika, zile ehe zikakatika.

"Halafu unazidisha," alisema mzee.

"Nazidisha nini?"

"Mara mbili, binti yangu. Si umeyapunguza nguvu nusu kwa nusu?"

Mama Vipimo alikaa kwenye stuli. Akamwambia hakuwahi kumwelekeza hivyo. Mzee akasema hakudhani ni jambo la kuelekezwa, yeye alikuwa anazidisha kichwani, kalamu ikiwa njiani kwenda kwenye daftari. Na kweli, miezi mitatu ya kufundishwa Mama Vipimo alikuwa amekodolea macho mikono ya mzee: jinsi inavyoshika kioo, inavyohesabu matone, inavyofuta mashine. Hakuna aliyeona kilichokuwa kinapita kichwani. Aliposhika kazi mwenyewe na namba zikashuka, mzee alikuwa ameshaondoka, na meneja alisema mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, madini ya kisima yamepungua. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mtu akishaitwa Mama Vipimo anaona haya kuuliza. Wakaguzi nao walikuja kila mwaka, wakasoma daftari, wakasifu mwandiko.

Mbili nukta nane. Mtoto wa darasa la tatu angeipata hesabu hiyo.

Alimpigia mdogo wake kwanza, akamwambia amwage maji yote, atumie ya bomba aliyochemsha. Mdogo wake akauliza kama na chupa ya maziwa iliyokwisha kukorogwa. Akamwambia hiyo ndiyo ya kwanza.

Kisha akaenda kwa meneja. Malori matatu yalikuwa getini yakisubiri karatasi ya ruhusa, injini zinanguruma. Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Mama Vipimo wasiwasi zaidi, maana mbaya unajua utampinga vipi. Alifunga mlango, akamsikiliza, akamvutia kiti. Akasema ipo mitambo ya kuchuja floraidi, ataagiza, apewe mwezi mmoja tu. Kwa sasa Mama Vipimo aandike kama anavyoandika siku zote. Meno si kipindupindu, hakuna anayekufa kwa doa. Halafu, kwa upole ule ule, akamkumbusha kwamba saini za miaka tisa ni za mtu mmoja, na siku jambo hili likitoka nje, mtu huyo hatapata kazi ya kupima hata maji ya kufulia.

Alisema kweli, na Mama Vipimo aliogopa. Nje dereva mmoja alipiga honi.

"Mwanangu anaongea akiwa ameziba mdomo," alisema. "Wewe niambie niandike ngapi."

Mama Vipimo alichukua karatasi ya ruhusa, akaandika mbili nukta nane, akakata kwa mstari mahali palipoandikwa yaruhusiwe, akatia saini. Chini yake akaongeza kwamba vipimo vyote vya floraidi alivyoandika yeye vizidishwe mara mbili. Akachukua nakala, akavua koti, akatembea kwa miguu mpaka ofisi ya wakaguzi kabla ya saa sita, kwa sababu alijijua: ikifika alasiri woga ungekuwa umemshauri vingine. Wakaguzi walimwandikisha maelezo, wakamwambia asubiri kuitwa. Kazi ilikuwa imekwisha, bila shaka, ila hakuna aliyelitamka hilo.

Mganga hajigangi. Mtu aliyeweza kumwambia meneja na serikali alikaa barazani kwake nusu saa akishindwa kuingia kumwambia mtoto.

Kitinda alikuwa mezani na hesabu za shule. Mama yake akavuta kiti, akamweleza yote, kisima, dawa nyekundu, nusu kwa nusu, bila kuruka kitu. Akamwambia hakuwa mvivu na hakuwa mwongo. Akamwambia, "Ni mimi niliyekosea, mwanangu. Nisamehe."

Kitinda akafikiri. Akauliza kama mtoto wa mama mdogo bado anakunywa yale maji.

"Ameacha leo."

"Kwa hiyo yake yatakuwa meupe."

"Naamini hivyo."

"Na yangu yatatoka haya madoa?"

Njiani mama yake alikuwa ameandaa maneno mazuri, kwamba akikua kidogo daktari ataweza kuyafunika, na ni kweli anaweza. Aliyasema baadaye. La kwanza lililomtoka lilikuwa, "Hayatoki."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Mama yake angefurahi zaidi kama angelia. Hakujua aifanyie nini mikono yake, basi akainuka, akachukua glasi, akaijaza maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa, akampelekea.

Kitinda aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kutoka juu mpaka chini.

"Haya umeyapima?"

"Bado," alisema Mama Vipimo.

Mtoto akaiweka glasi mezani, taratibu isije ikamwagikia daftari, akaendelea na hesabu zake.