Bao la Wakati wa Adhana

Nitasema kwanza, kabla mtu hajanikatiza: lile halikuwa bao. Mpira uliingia wavuni, naam, hata kipofu angeusikia wavu ukitikisika. Lakini bao halikuwa, na hata baada ya yote yaliyotufika jioni ile sijabadili neno.

Uwanja wetu hapa Likoni umegawana ukuta na msikiti. Tangu marehemu babangu akicheza winga bila viatu, mpira wa hapa una sheria moja ambayo haikuandikwa popote: muadhini akianza, mchezo husimama. Refa hapulizi filimbi wala nahodha hainui mkono. Mwenye mpira huukanyaga, na kila mtu husimama alipo, mikono chini, mpaka adhana iishe. Kisha mwenye mpira huendelea nao, na hapana anayelalamika.

Mwanangu Boga, kipa wa timu yetu ya Kusi, alijua kusimama hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi mamake ndiye niliyemfunza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea asimame adhana ikisomwa, hata kama yumo mbioni kukimbia kiboko changu.

Fainali ya ubingwa ilikuwa baina yetu na Bomba ya Changamwe, vijana wa viwandani na bandarini. Refa alitoka Port Reitz, jina lake Bramwel, mtu wa bara kabisa, hata mwaka alikuwa hajamaliza Pwani. Uwanja hauna vyumba, kwa hivyo refa hupewa nyumba ya jirani abadilishie nguo, na nyumba hiyo siku zote ni yangu, maana mlango wangu unatazamana na goli. Alikuja akanipa shikamoo kwa adabu. Nikampa maji ya kunawa, nikampa chai na mahamri, akala bila kujivunga. Nilimpenda.

"Mwanangu," nikamwambia, "leo ukituonea, chai ya kuagia nitaitia pilipili."

Akacheka sana. Katika maneno yote niliyompa, na mimi maneno sinayo haba, la adhana halikuwamo. Mansur, ndugu yangu aliye kocha, naye hakumwambia. Hapana aliyemwambia. Nani humweleza mgeni kwamba maji hulowesha?

Basi mpira ulipangwa kuanza mapema, alasiri haijaadhiniwa. Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika akataka kuhutubia, akahutubia mpaka watoto wakalala, akapeana mkono na kila mchezaji mpaka wa akiba. Mpira ulioanza alasiri imekwisha kusaliwa ukaburura miguu mpaka maghribi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hapakuwa na bao. Refa akaongeza dakika, na sote tukawa tumesimama, roho mkononi.

Ndipo muadhini akaanza.

Vijana wetu wakasimama. Boga akateremsha mikono. Mpira ulikuwa mguuni mwa Lenox, mshambuliaji wa Bomba, naye alisita, wallahi nilimwona akisita, akamtazama refa. Refa akampungia mikono: cheza! Akapiga. Mpira ulipita karibu na bega la mwanangu, na Boga hakuinua hata kidole. Alikuwa akimtazama refa kama mtoto anayemwona mtu mzima akivunja chombo kwa makusudi. Filimbi ikalia, na Bramwel akanyoosha mkono kuonyesha katikati ya uwanja.

Sitaki kujitakasa. Nilivua kiatu nikakitupa. Nilimwita refa majina ambayo hata punda hayastahili. Wenzangu walifanya vivyo hivyo, wake kwa waume, na Mansur aliingia uwanjani akapiga magoti, akiuonyesha msikiti kwa mkono, na refa akamtolea kadi. Kadi! Mtu anaonyesha nyumba ya Mungu anapewa kadi. Filimbi ya mwisho ikalia kwenye kelele hizo, na hapo nikasikia mtu upande wa pili akisema, "Mwizi!"

Neno hilo kwetu si tusi kama matusi mengine. Tumewahi kuona mtu akiitwa hivyo sokoni, na kufikia jioni hakuwa mtu tena. Likarukia kinywa cha pili, cha tatu, na nilipotafuta wazee wa kulizima sikumwona hata mmoja. Walikuwa wameingia msikitini kusali maghribi, tena ilikuwa siku ya darasa la dini, wasingetoka mpaka isha. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka, na askari wake wawili wameondoka naye. Wachezaji wa Bomba waliparamia lori lao wakatoweka. Uwanjani walibaki vijana na hasira yao.

Nikaokota kigoda changu cha kukalia, nikakimbilia nyumbani, nikakiacha nje ya mlango. Sikuwa nimefunga mlango vizuri ulipofunguliwa kwa kishindo nusura uniangushe. Alikuwa Bramwel. Katika Likoni nzima alijua mlango mmoja tu, nao ni wangu. Kiatu kimoja kilimtoka, na goti lilikuwa linavuja damu. Nikapiga komeo, nikaegemeza meza, nikamkuta ameketi sakafuni kati ya kabati na ukuta, magoti kifuani.

"Mama, nimefanya kosa gani?" akaniuliza. "Mchezo husimama na filimbi. Filimbi ni yangu."

"Hukuisikia adhana?"

"Nilisikia maombi yameanza huko msikitini. Sikujua yanahusu mpira."

"Na vijana wetu kusimama wima kama milingoti, hukuona?"

"Nilidhani wamechoka."

Mungu anajua nilitaka kucheka. Kisha jiwe la kwanza likapiga mabati ya paa. Alipiga simu kwa mwenyekiti wake wa marefa, akaweka sauti ya juu nisikie. Mwenyekiti alikuwa kisiwani. "Niko foleni ya feri," akasema. "Usitoke ndani." Mimi nikampigia Mansur, simu ikaita na kuita, kumbe naye alikuwa ameshaingia msikitini.

Mawe yaliendelea, moja moja, bila haraka. Hilo ndilo lililonitisha. Ingekuwa fujo tu ningesema watachoka, lakini walikuwa wanapiga na kungoja, wanapiga na kungoja, na giza linaingia. Nilikuwa bado nina hasira na yule kijana. Lakini woga ulikuwa umeshaipita hasira, hata taa sikuiwasha.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Mama! Fungua. Tunamtaka yeye tu."

Nikausogelea mlango. "Mnamtakia nini, Boga?"

"Aje aseme mbele za watu kwamba lile si bao."

"Na akishasema?"

Mtu wa nyuma, bila hata kupaza sauti, akasema, "Petroli iko kwa bodaboda." Mwingine akauliza tairi limefika wapi, vile unavyouliza unga umefika wapi wakati maji yamechemka. Bramwel alisikia. Akaanza kusali sala za kwao, macho wazi, na mimi nikashika kitasa cha mlango. Sikuwa nikimwogopea yeye peke yake. Nilikuwa nikimwogopea mwanangu, kwamba kesho nitakuwa mama wa muuaji, na kwamba sasa hivi, nyuma ya ubao huu, huenda tayari nimekuwa mama huyo.

Nikajifunga leso, nikaondoa meza.

"Nikitoka, piga komeo," nikamwambia Bramwel. "Hata ukisikia nini, usifungue."

"Mama, watakuua."

"Hawa ni watoto wangu," nikasema, na niliposema nilijua sina hakika.

Nje nilipigwa na taa za simu usoni. Sikuona sura hata moja, taa tu, na pumzi za watu. Mkono wangu wa kushoto, karibu na mnazi, ndiko sauti ya Boga ilikotokea.

"Boga!"

Katika nyumba yangu mtoto wa kiume akiitwa huitika labeka, hata kama yuko usingizini. Boga hakuitika.

"Boga! Mamako anakuita!"

Na hapo muadhini wa isha akaanza. Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha, watasimama sasa.

"Haya!" nikapaza sauti. "Si mlikuwa mnalia kwamba mgeni hakusimama? Simameni nyinyi!"

Taa kadhaa zilishuka. Niliona miguu ya kijana mmoja aliyesimama wima, mikono chini, viatu vya mpira bado mguuni. Wengine wakanong'onezana. Kisha jiwe likapiga mabati juu yangu. Muadhini alikuwa anawaita watu waje kwenye sala, na jiwe la pili likapiga ukuta. Nikasema, "Adhana! Adhana, jamani!" Nilikuwa ninasihi sasa, ile sauti ya kugomba ilikuwa imenikimbia. Muadhini akaita waje kwenye kufaulu. Jiwe la tatu likanipata juu ya jicho.

Lilitoka mkono wa kushoto, karibu na mnazi.

Nilijua niko chini kwa sababu mchanga ulikuwa mdomoni. Mtu akapiga ukelele, "Wamempiga Bi Zuleikha!" na nikasikia miguu, miguu mingi, ikikimbia kila upande. Mlango nyuma yangu ukafunguliwa. Angeweza kutokea uani akaruka ukuta. Hapakuwa na wa kumzuia tena. Badala yake Bramwel alikuja akapiga magoti kando yangu, akavua ile fulana yake ya manjano, akanikandamiza nayo usoni.

"Usilale, mama," akawa ananiambia. "Usilale. Niambie, adhana inaisha vipi?"

Nikamwambia. Ikaisha kama nilivyomwambia. Wazee walisali, wakatoka, wakatukuta hivyo: mimi nimelala, refa kifua wazi, dumu la petroli limeachwa karibu na kigoda changu. Mansur aliangua kilio. Mwenyekiti wa marefa akafika baadaye na gari, akamchukua mtu wake, na tangu siku hiyo refa yeyote akija Likoni huambiwa kuhusu adhana kabla hajapewa hata maji. Kombe lilikwenda Changamwe. Tulikata rufaa, tukashindwa, na mimi bado nasema halikuwa bao.

Boga alirudi wakati daktari ameshanishona na kunirudisha nyumbani. Alikwenda uani nikamsikia akinawa mikono, akanawa muda mrefu. Kisha akaingia akaketi chini kando ya kitanda, akaushika mguu wangu, akalia mpaka alfajiri. Sikumuuliza analilia nini. Huenda alimlilia mamake aliyeumizwa. Mtoto yeyote angelia.

Alfajiri muadhini alipoanza, Boga alisimama palepale, mikono chini, kama nilivyomfunza. Hata leo, popote inapomkuta, husimama hivyo, na majirani huniambia, Bi Zuleikha, hongera, umelea. Nami huitikia asante. Huitazama ile mikono mpaka adhana iishe, na sijamuuliza.