Msamaha Uliokatwa Asubuhi

Nimefundisha historia kwa miaka ishirini na miwili, na siku zote nililalamika kwamba wanafunzi wanasahau. Laiti Primus angesahau.

Alikuwa kichwa darasani. Siku niliyofundisha soko la Athene, nikaeleza kwamba Wagiriki wa kale waliweka maofisa wa kukagua mizani na vipimo, na sheria ya kuwakataza muuzaji na mnunuzi wasidanganyane, wenzake walisinzia. Yeye aliandika kila neno. Nilimwambia baba yake kwamba huyu atakuwa hakimu.

Mwaka 1996, wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuwa wakipanda hadi kijijini kwetu Kirua Vunjo na mizani zao, Primus naye alikuja na pikapu yake. Nilifurahi kupita kiasi. Ng'ombe wa pekee wa mama yangu alikuwa amekufa, na kahawa ya msimu ule ndiyo ingemnunulia mtamba. Mimi ndiye niliyemshawishi auze kwa Primus, mtoto wa kwetu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema kwamba halikuli.

Asubuhi tulipima kahawa kwa jirani yetu, karani wa chama cha msingi, tukapata kilo mia moja na ishirini. Mchana mizani ya Primus ikasema mia moja na mbili. Nikamweleza kwa upole, nikidhani mizani yake imeharibika. Hakubisha. Alikwenda mbele ya gari, akarudi na jani la isale lililopigwa fundo, akampa mama kwa mikono miwili.

"Bibi, nimekosa. Naomba unisamehe."

Uchaggani isale halikataliwi. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo. Mama alilipokea, akasema yamekwisha, na kilo zetu kumi na nane zikawa zimekwisha pia, maana ukishasamehe hudai tena. Nami, mjinga mimi, nilimsifu moyoni kwa unyenyekevu wake.

Primus, akipakia magunia yetu, akanituma nikachukue kitabu cha stakabadhi mbele ya gari. Juu ya kiti palikuwa na fungu la majani ya isale, mabichi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Kila jani lilikuwa tayari na fundo lake. Alikuwa amekata msamaha wa kijiji kizima kabla hajamwibia mtu yeyote.

Nililibeba lile fungu hadi mbele ya mama, nikamuuliza Primus alijifunza nini kwangu. Akajibu kwa adabu zote.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba kwa Wagiriki, mungu wa wafanyabiashara ndiye huyo huyo wa wezi."

Ni kweli, nilifundisha. Mama aliyapapasa yale majani, fundo baada ya fundo, kisha akalirudisha lake mikononi mwa Primus.

"Isale ni la mtu aliyekosa," alisema. "Wewe hukukosa. Ulipanga."

Majirani waliokuwa kwenye foleni walisogea karibu. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona isale likirudishwa, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mama yangu. Primus alibaki ameshika jani lile, hajui aliweke wapi. Mama, na miaka yake sabini, alipanda nyuma ya pikapu akaanza kushusha magunia yetu.