Malalamiko ya Kupasulia Mawe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, umeme ulikatika kwenye maabara ya kuvunjia mawe, na fundi wa maabara akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kusubiri urudi. Mbele yake, juu ya bamba la chuma, kulikuwa na jiwe la madini la kilo mbili na robo, la kijivu, lenye mshipa mweupe ubavuni. Jiwe hilo lilikuwa lipigwe na uzito wa chuma unaoangushwa kutoka juu, kisha vipande vichekechwe, vipimwe, na iandikwe vimetumia umeme kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kituo kile: kutafuta namna ya kuvunja mawe kwa umeme kidogo. Vinu vya mgodi wa jirani, uliomiliki kituo hicho na kuajiri watu wake, vilikula umeme wa kutosha mji mzima, na sehemu kubwa ya umeme huo iliishia kuwa joto na makelele.

Fundi huyo watu walimwita Mama Chekeche, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kuchekecha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mfupi, mwenye mdomo wake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja akiwa kibarua wa miezi mitatu mitatu. Kila mkataba ulipoisha aliambiwa kwamba barua ya ajira ya kudumu iko njiani. Kwa miaka yote hiyo njiani, barua ingekuwa imeshaizunguka dunia na kurudi.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, aliliambia jiwe.

"Wale niliowafundisha mwenyewe kushika chekeche wana ajira, wana bima, wana likizo. Mimi nikiugua siku mbili naambiwa mkataba hauna ugonjwa. Hivi hii ni haki kweli?"

Jiwe likapasuka. Lilipasuka vipande vinne, taratibu, kwa kuufuata ule mshipa, bila vumbi wala kishindo. Mama Chekeche akavichekecha vipande, akavipima, akajaza fomu. Kwenye safu ya umeme uliotumika akaandika sifuri. Kwenye safu ya njia ya uvunjaji akaandika: malalamiko.

Daktari, yaani yule mtafiti aliyeongoza kituo, aliisoma fomu baada ya chakula cha mchana akaja nayo maabara, kalamu nyekundu mkononi.

"Mama Chekeche, mbona hujaandika ukubwa wa vipande?"

"Nyuma ya karatasi, Daktari."

Akaigeuza karatasi. "Haya, sawa. Rudia mara tano tupate wastani."

Akarudia mara tano. Jiwe la kwanza aliliambia habari za likizo, la pili habari za bima, la tatu na la nne habari za watu ambao adabu inanizuia kuwataja vyeo. La tano lilikuwa gumu kuliko yote. Hilo aliliambia jinsi alivyomzika mama yake Jumatano, na Alhamisi akakuta jina lake limepigwa mstari mwekundu kwa utoro. Lilivunjika kabla hajamaliza sentensi.

Daktari naye alijaribu. Alilalamika kwamba ofisi yake inapigwa na jua la alasiri, na jiwe halikujali. Akaongeza kwamba yeye ndiye anayefanya kazi kuliko wote pale. Jiwe likajikaza, na kesho yake mashine ilitumia umeme mara mbili ya kawaida kulivunja. Daktari aliandika kwenye daftari kwamba uongo huongeza ugumu wa jiwe. Mkaidi alikuwa, lakini kwenye vipimo hakuchakachua.

Jioni ya Jumanne hiyo mume wa Mama Chekeche, fundi viatu, alimtazama mkewe akila kimya, akaingiwa na wasiwasi.

"Mama watoto, vipi? Leo hawajakuudhi?"

"Wameniudhi. Nimeyamaliza kwa mawe."

Mume aliweka tonge chini. "Na yangu je?"

"Yako nimekubakizia."

Mume akapumua, akaendelea kula.

Habari zilifika mgodini ndani ya wiki moja. Mkurugenzi wa mgodi alikuja mwenyewe, akatazama mawe matatu yakipasuka, akauliza maswali mawili ya maana na moja la kijinga, akaagiza vinu vizimwe. Kuanzia mwezi uliofuata wafanyakazi walipangiwa zamu kando ya mkanda unaobeba mawe. Mpishi wa kantini aliyaambia kuhusu moshi wa jiko na bomba la kutolea moshi aliloahidiwa. Madereva waliyaambia kuhusu breki. Mawe yalikatika vizuri, kwa ukubwa sawasawa, na mshale wa mita kubwa ya umeme ukalala chini kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu mgodi ufunguliwe, watu waliweza kusikiana bila kupiga kelele, na walikuwa na mengi ya kusema.

Aliyewapita wote alikuwa mlinzi wa geti. Alilisogelea jabali lenye ukubwa wa gari, akavua kofia, akasema maneno tisa tu: "Miaka kumi na tisa nimesimama, hata stuli hamjanipa, jamani." Jabali likawa kokoto. Walimpigia makofi.

Karani wa mapokezi, binti mwenye huruma, makofi hayo hayakumtosha. Alichukua kiti kimoja cha chumba cha mikutano akampelekea mlinzi getini. Mzee akakaa. Siku iliyofuata alipopelekewa jabali lingine, alijitahidi kwa moyo wote. Alisema mgongo bado unamuuma kidogo, akasema kiti chenyewe kinalegalega. Jabali lilichubuka tu. Kufika saa tisa kiti kilikuwa kimesharudishwa, na kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi: viti vya getini vimeondolewa kwa manufaa ya uzalishaji. Asubuhi yake mzee alivunja majabali mawili.

Baada ya hapo hakuna kilichorekebishwa tena. Bomba la jikoni lilikuwa limeshanunuliwa, likawekwa stoo. Breki mpya zikabaki kwenye maboksi yake. Zamani mgodi ule ulipuuza malalamiko kwa uvivu tu. Sasa uliyapuuza kwa ratiba.

Mama Chekeche aliona jambo hilo linakoelekea, akajifunga kibwebwe. Aliwahi ofisini kwa Mkurugenzi Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hajachukuliwa na vikao.

"Bosi, shikamoo. Hii njia mliyonayo nimeianzisha mimi. Sitaki sherehe wala picha. Nataka ile barua yangu."

"Marahaba, mama. Kaa," alisema Mkurugenzi, na alisema vizuri tu, maana hakuwa mtu mbaya wa kuongea naye. "Barua yako ipo. Nimeisaini tangu mwezi wa pili."

Akavuta droo, akaitoa, akaiweka mezani upande wake, lakini karibu kiasi cha kusomeka. Jina lake lilikuwapo kamili, halikukosewa hata herufi moja. Ajira ya kudumu. Bima. Likizo ya siku ishirini na nane. Mama Chekeche alisoma mpaka chini kwenye mhuri, na iliuma, iliuma kuliko miaka yote kumi na mmoja ikiwekwa pamoja, kwa sababu miaka hiyo yote alidhani hakuna aliyeiandika.

"Sasa si unipe, bosi?"

"Nikikupa, kesho utaliambia jiwe nini?"

Angeweza kusema chochote. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na alijua uongo unafanya nini.

"Sitakuwa na la kuliambia," alisema.

"Umeona sasa." Mkurugenzi akairudisha barua kwenye droo, akafunga kwa upole.

Mama Chekeche alirudi maabara, akasimama mbele ya jiwe jipya, akaliambia kwa sauti ya chini. Jiwe halikupasuka vipande. Liligeuka unga, likapita chekeche zote mpaka ile ya mwisho kabisa, na magunia kumi ya mawe yaliyokuwa yakisubiri ukutani yakanywea yenyewe.

"Umeliambia nini?" aliuliza Daktari.

"Kwamba barua ipo."

Daktari alivua miwani. Aliguswa, huo ndio ukweli. Alisema, "Pole sana, mama," na macho yake yalikuwa na maji. Kisha akaifuta miwani, akaivaa, akauliza kama jambo hilo linaweza kurudiwa.

Linaweza. Sasa kila Jumatatu saa mbili Mama Chekeche huitwa ofisini, droo huvutwa, huonyeshwa barua, droo hufungwa. Kisha hupelekwa moja kwa moja kwenye mkanda mkubwa. Barua imeanza kuwa ya njano pembeni, ingawa sahihi bado inasomeka vizuri. Mkurugenzi ni mtu wa kuboresha mambo, kwa hiyo Jumatatu iliyopita alimruhusu aishike kidogo. Siku hiyo mgodi ulivunja tani mia nne kabla ya chai.