Saa Nne ya Mpakani

Saa nne kamili asubuhi, kitufe cha kununua kilitakiwa kufunguka kwenye simu za wanunuzi wote kwa mpigo. Kwa mpigo hasa, maana mwaka jana mjanja mmoja aliwahi, akazoa kahawa nzuri yote kabla wenzake hawajafika, na wakulima wa Iyula wakaapa kutorudia ujinga ule. Ndipo walipompa Atupele kazi ya kuwatengenezea tovuti ya mnada.

Atupele alisimama mbele ya ukumbi pale Tunduma, laptopu mezani, hatulii kwa furaha. Miezi mitatu ya kufuta na kuandika upya, na leo ndiyo leo.

Saa nne ikafika.

"Imefunguka!" akapiga kelele mnunuzi wa mbele.

"Kwangu bado," akasema Mbonile, mnunuzi mkubwa kuliko wote. "Inaniambia nisubiri saa nzima."

"Hata mimi!"

"Na mimi, dada!"

Nusu ya ukumbi imefunguliwa, nusu imefungiwa nje. Mzee Ambakisye, mwenyekiti wa wakulima, akamsogelea Atupele.

"Mwanangu, hawa wakianza bila wale, ni yaleyale ya mwaka jana. Nitauvunja mnada, turudi kwa madalali. Na tovuti wakulima hawatataka kuisikia tena."

"Nipe dakika tano, baba. Jamani, naomba mtu asibonyeze!"

Akapekua msimbo. Kosa halionekani. Kwenye simu yake kila kitu safi, na kule Vwawa alikoiandikia aliijaribu mpaka akachoka. Sasa nini tena? Akamwomba Mbonile simu yake, akaitazama, macho yakamtoka. Ilisema saa tatu na dakika nne. Juu kabisa palikuwa na jina la mtandao wa Zambia.

Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Yeye, mzaliwa wa Tunduma! Tangu utotoni anajua kuwa hapa mpakani simu hudaka minara ya ng'ambo na kurudi nyuma saa moja. Akaenda kukaa Vwawa, akasahau kwao. Aliiagiza tovuti iulize saa kwenye simu ya kila mtu, badala ya kuuliza kwenye seva, ambayo ni moja kwa wote.

Mistari miwili tu! Akacheka peke yake kama kichaa, vidole vikakimbia. Akafuta, akaandika, akapandisha.

"Fungueni ukurasa upya!"

Mtandao ukasuasua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Hii hapa!" Mbonile akaruka kutoka kitini. "Imefunguka!"

"Na kwangu!"

Haikupita nusu saa, gunia la mwisho likapata mnunuzi. Kina mama wa Iyula wakapiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia madirishani.

Mzee Ambakisye akamshika Atupele mkono, hakuuachia.

"Mwakani tunaleta mavuno yote, siyo magunia machache ya kujaribia kama leo. Utatufungulia saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

"Ya wapi?" akadakia Mbonile, ukumbi ukaangua kicheko.

"Ya kwetu," akajibu Atupele, akilia mbele za watu bila aibu yoyote.